SOMO: NYUMBA ZA LAINI KATIKA MASHAMBA YA MKONGE

Ndugu msomaji, ukipita mashamba ya mkonge ya Korogwe au Muheza, utaona nyumba ndefu zilizoshikana, vyumba vingi chini ya paa moja la bati. Watu huziita laini. Leo tujifunze kuzisoma, maana hata ukuta husomeka.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche iliyopona ilikuwa 62 tu. Mashamba yalipokua, wenyeji hawakutosha, na wengi hawakuitaka kazi ile. Wakaletwa vijana kutoka mbali: Waha, Wabena, Wanyamwezi, hata Warundi. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Tangu 1944 waliandikishwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba.

Kwa nini vyumba viungane? Twende kwa hesabu. Vyumba 10 vikijengwa mbali mbali vina kuta 40. Vikiunganishwa mstari mmoja, kuta za mbele na nyuma ni 20, za ubavuni 11. Jumla 31. Kuta tisa zimeokolewa! Hodari wa hesabu mwenye shamba, ila hesabu yake haikumtia mke wala mtoto. Chumba kimoja, mlango mmoja, kidirisha. Aliyehesabiwa ni mtu wa kumaliza siku 30 za kipande, si baba mwenye jamaa. Jikoni? Mafiga nje. Pale vyumba vilipopeana mgongo, upepo haukuwa na pa kutokea. Na jirani akikoroma, mnakesha wote.

Lakini watu hawakubaki namba. Walileta jamaa zao. Wakatoboa ukuta, vyumba viwili vikawa nyumba moja. Wakaongeza jiko la miti na udongo. Huo nao ni ujenzi, tena wenye akili. Daftari la shamba husema habari za tani. Mlango uliotobolewa husema habari za mama aliyetaka watoto wake walale pao.

Bei ya mkonge ilipoanguka kwa ajili ya nyuzi za viwandani, mashamba mengi yalifungwa. Bati likishang'olewa, masika mawili matatu yanamaliza ukuta. Basi kabla hamjavunja, pimeni, mchore, muwaulize wazee nani alilala wapi.

Kazi ya kikundi:
Pimeni chumba kimoja cha laini kwa hatua. Wangelala watu wangapi bila kubanana?
Vyumba 20 katika mstari mmoja vina kuta ngapi?
Ni wapi ukutani panaonyesha kuwa wakaaji walibadili nyumba?