Kijiji Ni Mdhamini: Msitu, Njia na Maji ya Chita

Marekani na Uingereza wapo watu wa kujitolea wanaochanga fedha na kununua misitu, mbuga na njia za kupandia farasi ili zisije zikauzwa. Huku kwetu Chita mbung'o hawampi farasi nafasi, ila tatizo ni lile lile: eneo la wote humegwa kidogokidogo. Mwenye jaruba la pembeni husogeza kingo hatua mbili msimu huu, mbili msimu ujao, mpaka wenye baiskeli za magunia ya mpunga wanajikuta wakipita ndani ya shamba la mtu, na ugomvi unaanza. Sisi hatulazimiki kununua chochote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji isimamie ardhi kama mdhamini anayetunza mali ya wengine. Inaruhusu pia msitu, njia, malisho na vyanzo vya maji vitengwe kuwa ardhi ya jumuiya, Mkutano Mkuu wa Kijiji ukiridhia, na viandikwe kwenye rejesta. Njia isiyoandikwa haina mtetezi siku ya shauri.

Wapo wanaouliza: ardhi yenyewe haitoshi, vijana walime wapi? Ni hoja nzito, na anayeipuuza hajawahi kutafuta shamba la kukodi. Lakini mpunga wa bondeni hunywa maji yanayoshuka kutoka milima ya Udzungwa. Mteremko ukifyekwa, mvua za masika hushusha mchanga majarubani, na kiangazi mito hupungua. Bonde hili, lililoorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, ndilo lililokuwa makao makuu ya swala aitwaye sheshe, na mto wake huupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Kulima chanzo cha maji ni kumpa kijana mmoja shamba na kuwanyima wengi mavuno.

Wengine wanasema viongozi wataigawa ardhi hiyo ya jumuiya kimyakimya, na wanakamati wa maliasili watachoka kuzunguka msituni bila malipo. Kwa la kwanza, sheria hairuhusu halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, hivyo rejesta isomwe hadharani na mipaka itajwe kwa majina ya mito na miti. La pili ni kweli kabisa: kujitolea kuna mwisho. Faini zinazotozwa kwa sheria ndogo za kijiji zinunue kwanza mabuti na makoti ya mvua ya wanaofanya doria, na mkutano uonyeshwe risiti.