Dar, Mombasa, Nairobi, Arusha: Hesabu ya Mafuta na Tozo kwa Mwenye Gari

Ukitoka Dar es Salaam na gari lako kupitia Tanga na Horohoro hadi Mombasa, ukapanda Nairobi, kisha ukarudi kwa njia ya Namanga na Arusha, utakuwa umetembea takriban kilomita 1,900. Gari linalokula lita 10 kwa kilomita 100 litahitaji lita 190. Wasafiri wengi huuliza bei ya lita, wakazidisha, wakaona hesabu imekwisha. Lakini kila nchi ina mahali pake pa kumdai mwenye gari, na asiyepajua hupungukiwa na fedha akiwa mbali na nyumbani.

Tanzania humdai zaidi kwenye pampu. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na badala yake ushuru wa mafuta ukapanda kwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2023 ikaongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita. Kwa hiyo hata mgeni aliyeingia jana anachangia barabara kila anapoweka mafuta. VAT, hata hivyo, haitozwi kwenye mafuta ya petroli na dizeli.

Kenya humdai kwenye pampu na barabarani pia. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita ya petroli jijini Nairobi ikavuka shilingi 200 za Kenya, ikafika 211.64. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara nayo ikatoka shilingi 18 kwenda 25 kwa lita. Tangu kodi hizo zipande, ukibadili fedha utakuta kwa kawaida petroli ya Kenya ni ghali kuliko ya Tanzania.

Tazama kalenda kabla ya kutazama ramani. EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. EPRA, mwenzake wa Kenya, hutangaza tarehe 14, na bei mpya huanza tarehe 15. Ukivuka mpaka katikati ya mwezi, bei uliyoulizia wiki iliyopita huenda haipo tena. Kwa upande wa Tanzania unaweza kupiga *152*00# ukapata bei ya wilaya uliyopo. Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya bei kikomo, kamwe si juu yake, na lazima iweke bei kwenye bango linaloonekana. Dai risiti yako.

Bei hupanda kadiri unavyoiacha bandari. Dar es Salaam mara nyingi ndiyo nafuu zaidi Tanzania Bara. Arusha na Kilimanjaro hupata mafuta kupitia Tanga, na gharama ya kuyasafirisha imo ndani ya bei. Ukienda Kagera au Kigoma utaiona tofauti hiyo wazi. Kenya ni vivyo hivyo: Mombasa iko chini, Nairobi juu yake, Mandera juu kabisa. Basi jaza tangi Dar, ongeza Tanga mjini kabla ya Horohoro, kisha jaza tena Mombasa kabla ya kupanda bara. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 485, tena ni mlima na malori; mwenye tangi la lita 50 asijaribu kufika bila kuongeza. Mtito Andei iko katikati ya safari na ina vituo vingi. Ukirudi, weka Nairobi mafuta ya kukufikisha Arusha tu.

Madumu ya mafuta kwenye buti yaache nyumbani. Upande wa Kenya wa mzunguko huu ni kama kilomita 750, yaani lita 75. Hata tofauti ikifika shilingi 500 za Tanzania kwa lita, unaokoa 37,500. Fedha hiyo haistahili kubeba petroli nyuma ya watoto.

Kinachouma zaidi ni vitu vidogo vidogo. Bima ya kuvuka mpaka, maarufu kama Yellow Card ya COMESA, ikatwe kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, na Kenya imo pia. Kadi ya gari iwe na jina lako. Kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe. Vituo vya Horohoro na Lungalunga, kama Namanga, ni vya pamoja: unasimama mara moja, upande wa nchi unayoingia, na hapo ndipo forodha hukupa kibali cha muda cha gari. Fuata madirisha ya maofisa, si watu wanaokukimbilia nje ya geti.

Ukikaribia Mombasa, kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, ila gari hulipiwa. Barabara ya Dongo Kundu inakuwezesha kukikwepa. Nairobi, barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, iliongezwa bei Januari 2024: gari dogo ni kati ya shilingi 170 na 500 za Kenya kutegemea ulipoingia na kutokea. Ile ya chini haina malipo. Asubuhi ya siku ya kazi mimi ningelipa bila kusita. Jumapili ningepita chini.

Maegesho ya Nairobi hulipwa kwa kaunti. Mkenya anayekuja Dar ajihadhari na jambo moja: mhudumu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, husajili namba ya gari kwenye mashine na kuondoka, na deni linabaki kwenye mfumo. Omba namba ya malipo siku hiyohiyo, kwani ukichelewa faini huongezeka.

Anayeendelea Uganda ajue kwamba huko hakuna bei kikomo, hivyo linganisha kituo kwa kituo. Barabara ya kasi ya Kampala na Entebbe hulipiwa tangu Januari 2022. Gari dogo lilianza kwa shilingi 5,000 za huko.

Ukiwa peke yako, nashauri uliache gari. LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu Tanzania, iliweka nauli ya basi la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita mwishoni mwa 2023, kwa hiyo Dar hadi Arusha, karibu kilomita 630, ni kama 30,500. Kenya mabasi hujipangia nauli, nayo hupaa Desemba na Pasaka. Wakati huo treni ya Mombasa hadi Nairobi, shilingi 1,500 za Kenya daraja la kawaida tangu Januari 2024, ndiyo salama ya mfuko, ila kata tiketi mapema.