Breki ya Ekzosi

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, fundi wa magari hapa Tunduma. Ililetwa pikapu ya dizeli iliyoteremka Mlima Senjele kwa breki ya mguu peke yake, hata magurudumu yakanuka kuungua. Breki ya ekzosi haikushika.

Breki hiyo ni kifuniko ndani ya bomba la moshi. Dereva akikifunga, hewa hubanwa, pistoni hupata taabu kuisukuma, na injini huzuia mwendo.

Tulingoja bomba lipoe. Mhimili wa kifuniko ulikuwa umeganda kwa masizi! Tuliusugua, tukautia mafuta yanayostahimili moto, ukazunguka.

“Ungegandia kwenye kufunga, mpwa wangu, gari lingekosa nguvu mlimani,” mjomba alisema.

Dereva alikiri hakuitumia miezi mingi. Siku hizi huifunga na kuifungua kila siku, hata tambarare.