SOMO LETU: KWA NINI PICHA ZINAHARIBIKA?



Siku moja darasa letu la kisomo lilikuwa likigawa vyeti. Bibi mmoja, aliyeanza kusoma akiwa na wajukuu, alipokea cheti chake. Nilimpiga picha kwa kamera ndogo ya dijitali. Alisimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake. Sikuitazama ile picha.

Baada ya miezi mitatu bibi alifariki. Wanawe wakaja kuomba picha ya mama yao na cheti chake. Kuifungua, mlango unang'aa, uso mweusi ti! Nilikosa la kusema.

Tangu siku ile nimejifunza mambo haya. Tujifunze pamoja.

1. Uso kuwa mweusi

Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake. Nyuma ya mtu kukiwa na mwanga mkali, kamera hupunguza mwanga, na uso hubaki gizani.

Mgeuze mtu ili mwanga umwangukie usoni. Kama haiwezekani, washa flashi, hata kama ni mchana. Alama yake ni mshale wa radi. Flashi ya kamera ndogo hufika kama mita 3 tu, kwa hiyo sogea karibu.

2. Picha kuwa na ukungu

Penye mwanga hafifu, kamera hufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi. Mkono ukitikisika, picha inaharibika.

Shika kamera kwa mikono miwili. Bana viwiko mbavuni, au egemea ukuta. Bonyeza kitufe nusu kwanza. Ngoja kisanduku cha kijani kitokee kwenye kioo, ndipo umalizie kubonyeza.

Je, unataka kumwonyesha bwana shamba jani la muhogo lenye ugonjwa? Kwa vitu vya karibu namna hiyo, chagua alama ya ua.

3. Macho mekundu

Wengine husema mtu huyo ana jini. Hapana, jamani! Gizani mboni ya jicho hupanuka. Mwanga wa flashi huingia, hupiga sehemu yenye damu nyuma ya jicho, kisha hurudi ukiwa mwekundu. Ongeza taa chumbani, au mwambie asitazame kamera moja kwa moja.

4. Picha kufifia

Huenda lenzi ina alama ya kidole. Ifute taratibu kwa kitambaa laini, safi na kikavu. Usitumie pindo la kanga lenye mchanga, litaikwaruza.

5. Picha kufutwa kwa bahati mbaya

Usipige picha nyingine! Picha mpya inaweza kukaa mahali pa ile ya zamani. Toa kadi, umpelekee fundi wa kompyuta. Mara nyingi picha huweza kurudishwa.

Kubwa kuliko yote: itazame picha kabla watu hawajatawanyika. Ikiwa mbaya, omba radhi, upige tena. Si aibu. Ningalifanya hivyo siku ile, wana wa yule bibi wangalikuwa na sura ya mama yao ukutani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini uso wa bibi ulikuwa mweusi?
2. Utafanya nini ili kamera isitikisike?
3. Katika kijiji chenu, ni mambo gani yanafaa kuwekewa kumbukumbu ya picha?