Siku Ishirini Kati ya Dripu na Dripu

Mwanamke wa Nyacheki anayetibiwa saratani ya titi kwa tibakemikali mara nyingi hutundikiwa dripu kila baada ya siku 21. Siku moja yuko hospitalini, pengine Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ishirini zilizobaki yuko kwake, penye jiko, ng'ombe, watoto na majani chai yanayongoja kuchumwa. Ndiyo maana kijitabu hiki kinashikilia kuwa matunzo ya nyumbani ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si hisani anayofanyiwa mgonjwa watu wakipata nafasi. Utafiti uliofuatilia wanawake wa Uganda, Nigeria, Zambia, Namibia na Afrika Kusini ulikuta kwamba miaka mitatu baada ya kugunduliwa kuwa na saratani ya titi, ni karibu nusu tu waliokuwa hai; watafiti wakakadiria kuwa takriban thuluthi moja ya vifo hivyo ingeweza kuzuiwa kwa kugundua mapema na kutibu ipasavyo. Anayesema saratani ni kifo tu, basi, anawahukumu hata wale ambao tiba kamili ingewaokoa. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka lengo kwamba wagonjwa 80 au zaidi kati ya 100 wamalize tiba waliyopangiwa, na kumaliza huko hutegemea sana nyumbani.

Homa ndiyo huijaribu kaya mapema. Dawa inayoua seli za saratani hupunguza pia chembe nyeupe za damu, hasa kati ya wiki ya kwanza na ya pili baada ya dripu, na maambukizi madogo yanaweza kumlemea mgonjwa kwa saa chache. Joto likifika nyuzi 38, safari ya hospitali ni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Wengi watapinga: huku milimani homa ni malaria, mpe dawa ya duka alale. Ni kweli malaria ipo, na hospitali itaipima. Lakini kipimo cha malaria hakiondoi hatari ile nyingine, na paracetamol hushusha joto huku maambukizi yakiendelea. Nunueni kipimajoto kabla ya dripu ya kwanza, wekeni namba ya mtu wa bodaboda anayekubali kuamka, na neno la kwanza kwa muuguzi liwe kwamba mama huyu yuko kwenye tibakemikali. Mengine ni usafi wa kawaida: mikono inaoshwa, maji na maziwa yanachemshwa, mwenye mafua anasalimia kwa mbali. Mboga za chinsaga na managu zinaruhusiwa, mradi ziive vizuri. Na mdomo ukiwa na vidonda, uji wa wimbi uliopozwa, kidogo kidogo, hupita pale ugali unapokwama.

Baada ya upasuaji unaotoa tezi za kwapani, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, na hapo jamaa hugawanyika. Wapo wanaomkataza kuinua hata kikombe, na wapo wanaomwona mvivu asiporudi shambani mwezi ule ule. Pande zote mbili zinakosea. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2009 lilihusisha wanawake 141 wenye uvimbe huo: walioinua vyuma mara mbili kwa wiki, wakisimamiwa na kuongezewa uzito polepole, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na vipindi vya uvimbe kuzidi vilikuwa vichache kwao. Zingatia neno polepole; kikapu cha majani chai au mtungi wa maji si mahali pa kuanzia. Aanze na mazoezi aliyofundishwa hospitalini. Akirudi kuchuma chai au kukata nyasi za ng'ombe avae glovu, na mkwaruzo wowote uoshwe mara moja. Mkono ukiwa mwekundu na wenye moto, aonwe na daktari siku hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni fedha, na sitalipuuza. Bima ya afya ya serikali, SHA, ina kikomo, nauli haimo, na bonasi ya chai kutoka kiwanda cha Nyamache ina msimu wake ilhali dripu haina. Chama au kikundi cha kanisa kinachochanga kitasaidia zaidi kikichanga kwa kalenda ya matibabu, siyo kwa harambee moja kubwa mgonjwa akiwa amezidiwa. Fedha zikipungua ndipo miti shamba huonekana nafuu. Kuiacha hospitali kwa ajili yake ni hatari kubwa, na hata kuichanganya na dawa kimyakimya kunaweza kulidhuru ini. Mwambieni daktari kila anachokunywa. Kuna pia kidonge cha tamoksifeni: kwa saratani inayochochewa na homoni, kukimeza kila siku kwa miaka mitano hupunguza vifo kwa karibu thuluthi moja, na miaka yote hiyo hakuna muuguzi wa kumkumbusha isipokuwa watu wa nyumbani.

Wengine hushauri ugonjwa ufichwe, majirani wasije wakasema amerogwa. Nani aambiwe ni uamuzi wa mama mwenyewe. Hata hivyo, mumewe au dada yake mmoja lazima ajue majina ya dawa, tarehe ya dripu inayofuata na namba ya simu ya kliniki, yote yakiwa yameandikwa kwenye daftari linaloweza kupatikana gizani.