Lehemu ya Kurithi kwa Mtoto: Mambo ya Jikoni

Mtoto mwembamba anayecheza mpira kutwa nzima anaweza kuwa na lehemu nyingi kwenye damu kuliko babu yake mwenye kitambi. Hakuna aliyemlisha vibaya. Amerithi hitilafu inayolifanya ini lishindwe kuondoa lehemu mbaya (LDL), nayo hurundikana tangu anazaliwa. Mtu mmoja hivi kati ya 250 hadi 300 ana tatizo hili. Mzazi mmoja akiwa nalo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithi. Kwa hiyo, kama katika ukoo kuna mwanamume aliyepata shtuko la moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60, mwambie daktari ampime mtoto damu.

Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipunguziwe mafuta, ubongo wake unayahitaji. Anyonye kama kawaida.

Baada ya hapo, kinachopunguzwa kwanza ni mafuta yanayoganda: samli, siagi, mafuta ya nyama, ngozi ya kuku. Ubishi huja kwenye nazi. Ni kweli, nazi haina lehemu kwa kuwa ni mmea, lakini zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni ya aina ile ile inayopandisha LDL. Wali wa nazi na samaki wa kupaka viwe vya sikukuu. Siku nyingine mchicha uungwe kwa karanga zilizosagwa, nao ni mtamu vilevile. Mafuta ya alizeti yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Kiini kimoja cha yai kina karibu miligramu 200 za lehemu, yaani kiwango cha siku nzima kwa mtoto huyu. Ute hauna kabisa. Maharage, kunde, dengu, ugali wa dona, matunda na samaki asiyekaangwa, ale ashibe.

Msimpikie chungu chake peke yake. Nyumba nzima ile hivyo, na kliniki wafuatilie uzito na kimo chake.

Tusidanganyane: chakula peke yake hushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15 tu. Wengi huanzishiwa dawa za statini wakifika miaka 8 hadi 10. Mtoto akitokwa na vinundu vya manjano kwenye viwiko, magoti au nyuma ya kisigino, apelekwe hospitali upesi. Huenda amerithi kwa wazazi wote wawili, na moyo wake hauwezi kusubiri umri huo.

Kuna pia ugonjwa mwingine wa kurithi, wa nadra, ambao damu huonekana nyeupe kama maziwa na tumbo huuma vikali. Huo una masharti tofauti: mafuta yote hupunguzwa mno, hata ya alizeti na karanga. Mtoto huyo apangiwe mlo na mtaalamu wa lishe, asifuate kijitabu hiki.