Usubi wa Mtoni na Kifafa cha Watoto

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa mikondo midogo ya umeme na kwa kemikali. Kundi kubwa la seli hizo likitoa umeme kwa pamoja, bila mpango, mtu huweza kuanguka, akakakamaa na kutukutika. Hali hiyo ikirudia-rudia huitwa kifafa. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa mate wala kwa povu la mgonjwa, ingawa imani hiyo imewafanya watu waogope kumgusa hata aangukapo motoni.

Huko Mahenge, Tanzania, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alihudumia wagonjwa wa kifafa katika miaka ya 1960. Aliona watoto ambao kwanza walisinzia kichwa, tena na tena, na baadaye wakaanza kuanguka. Mbona kifafa kilikuwa kingi mno mahali pale? Watafiti wakaitazama mito. Katika maji yaendayo kasi huzaliana usubi, inzi mdogo mweusi aenezaye kwa kuuma minyoo iitwayo Onchocerca volvulus, ile iletayo upofu.

Lakini magonjwa mawili kukutana mahali pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Ndiyo maana utafiti wa Kameruni uliotangazwa mwaka 2018 una uzito wa pekee. Watoto waliopimwa ngozi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifuatiliwa tena mwaka 2017. Kadiri minyoo wachanga walivyokuwa wengi ngozini utotoni, ndivyo kifafa kilivyotokea zaidi baadaye. Minyoo ilitangulia, kifafa kikafuata. Jinsi ubongo unavyodhurika bado wataalamu wanabishana. Wengine hudhani kinga ya mwili, ikipigana na mnyoo, hushambulia pia seli za neva.

Dawa ya ivermektini huwaangamiza minyoo wachanga, lakini mnyoo mzima husalia. Kwa hiyo hurudiwa. Mahenge ilianza kugawiwa mwaka 1997, na tangu mwaka 2019 ikaanza kutolewa mara mbili kwa mwaka. Aliyekwisha kupata kifafa huhitaji dawa nyingine, mathalani fenobabitoni, iliyojulikana tangu mwaka 1912 na ambayo bei yake ni nafuu. Humezwa kila siku; kuiacha ghafla huweza kuleta kuanguka mfululizo.

Mwanafunzi akianguka darasani, aondolewe penye hatari na alazwe ubavu. Asitiwe kijiko mdomoni. Dakika 5 zikipita bila kutulia, apelekwe hospitali.